Wufa na Jina la Marehemu

Mwanamume mwenye wufa, ile spika ya kutikisa kuta, usimwambie kitu. Nimeishi naye, najua. Kuna wanaume wa mpira, kuna wa kamari ya simu, kuna wale wa kuosha pikipiki ufuoni kila Jumapili wakiwa wamevua shati ili wasichana waone mgongo. Wote hao wana nafuu. Wa mpira hulala mechi ikiisha. Wa kamari hunyamaza akiliwa, na huliwa kila wiki. Wa wufa hanyamazi. Ukimwambia apunguze anakuangalia kama umemwambia apunguze moyo kupiga.

Wangu alijitengenezea yake mwenyewe. Alitafuta plaiwudi, akapima, akakata, akagundisha, akaipaka rangi nyeusi, sanduku la kunifika kiunoni. Spika yenyewe ilikuwa kwa fundi mmoja Migori mjini, na kwa kuwa mimi natoka huko, nilitumwa niibebe nilipoenda kusalimia mama yangu. Nilikuwa mjamzito wa kuonekana kutoka mbali. Nilishuka hapa Sindo nikiwa na chuma mgongoni na mtoto tumboni, na yeye akapokea cha mgongoni kwanza. Akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. Mimi niliulizwa kama sikukigonga mahali.

Kazi yake ni kutengeneza injini za boti hapa ufuoni. Ana mkono mzuri, hilo sikatai. Injini iliyokufa katikati ya ziwa ataifufua kwa waya na mate. Lakini jiko langu la makaa lilikaa na mguu uliovunjika tangu mvua mpaka kiangazi, nikaliegemeza kwa jiwe, na kila nilipomkumbusha alisema, "Kesho, mama," huku akiwa amepiga magoti mbele ya ile wufa akisikiliza kama inakwaruza.

Kisha akataka kitambaa. Mnavijua vile vitambaa vya kroshia tunavyofunikia viti na televisheni, vyeupe, vyenye maua pembeni. Akataka wufa ifunikwe na hicho, ikiwa imelala. Alisema hivyo kabisa, "ikiwa imelala." Nilishona nikiwa na mimba ya miezi ya mwisho, nikiegemea ukuta, uzi mweupe ukilala juu ya tumbo. Mtoto wangu alizaliwa bila sweta moja, lakini wufa ya baba yake ilikuwa na nguo.

Mtoto mwenyewe ni msichana. Alizaliwa alfajiri akapewa jina la alfajiri, kama tunavyofanya sisi Wajaluo. Jina silitaji hapa, wala la mtu mwingine yeyote. Kila mtu alimsifu. "Mtoto mtulivu!" "Mtoto wa heshima!" Mama mkwe wangu alikuwa akileta wageni wamwone amelala chini ya ule mtikisiko, kuta za bati zikicheza, vijiko vikitembea mezani, na yeye amelala kama gunia. "Ameichukua damu ya baba," alisema. "Amezaliwa na muziki ndani."

Sisi hukausha omena, hawa dagaa wa ziwani. Unatandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga, unamwaga samaki, unawageuza, na siku nzima kazi yako ni kugombana na ndege. Mimi nilikuwa na bati la mafuta la kupiga. Nikilipiga, kunguru wanaruka, watoto wa wenzangu wanashtuka, mmoja hulia kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Wangu aliendelea kuchimba mchanga. Niliona. Nilipiga tena kwa nguvu zaidi, nikimwangalia yeye, si kunguru. Akainua kichwa baadaye sana, kwa sababu kivuli cha ndege kilipita juu ya mkono wake.

Halafu simu. Nina maoni yangu juu ya akina mama wanaotuliza watoto kwa simu, na maoni hayo nilikuwa nayo mpaka nilipopata mtoto. Watoto wa jirani yangu ukiwazimia sauti ya katuni wanaangusha nyumba. Wangu unaweza kuzima sauti akaendelea kucheka na yule panya. Jirani akaniambia, "Wewe una bahati, wako anakuwekea chaji." Nilicheka naye. Lakini niliogopa.

Maana nilipokuwa mdogo, jirani zetu kule Migori walikuwa na msichana waliyemwita Bubu. Si kwamba alikuwa bubu halafu ana jina. Bubu ndilo lilikuwa jina. Aliitwa kwa kurushiwa kokoto. Alipelekwa kisimani kwa kusukumwa begani na kurudishwa hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumpima kitu. Nilikuwa nikimwona nikienda shule, na nadhani hata mimi kokoto nilirusha, kila mtu alirusha. Sasa nilimwangalia mtoto wangu akichimba mchanga na nilichokiona ni kokoto. Alikuwa amepita mwaka mmoja na hajasema hata "mama." Wa jirani, mdogo kuliko yeye, alikuwa anatukana tayari.

Nilimwambia mama mkwe, "Mtoto hageuki akiitwa."

Yule mama akaacha kupepeta mahindi. Nilifikiri amenielewa. Akasema, "Nami nimeona. Amekataa hilo jina."

Hapo wengine mtacheka, lakini msicheke haraka. Kwetu mtoto akisumbua, au akikataa kuitika, husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Basi majina ya wafu yanatajwa moja moja, na kwenye lile sahihi mtoto atanyamaza, au atageuka, au atashika titi la mama. Mimi mwenyewe nina jina nililopewa hivyo, la bibi yake baba yangu, na sina ubaya nalo. Limenibeba vizuri. Kwa hiyo sikukataa. Nilikaa kando nikafikiri, pengine. Mtu aliyeogopa kama nilivyoogopa mimi atakubali lolote lisilo lile analoliogopa.

Shangazi wa mume wangu akaitwa kutoka kisiwani Mfangano. Yeye ndiye anayewajua wafu wote wa ukoo huo, walikufa kwa nini na nani alikula nini matangani. Alishuka kwenye boti akiwa ameshika mfuko kichwani na simu imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakunywa hata chai.

"Mgeuze huyo mtoto aangalie ziwa," akasema. "Akiona midomo yetu atatudanganya."

"Mtoto wa kutambaa atadanganya nini, mama?" nikauliza.

"Nyar Migori, wewe anika omena yako."

Nyar Migori ndivyo ninavyoitwa hapa, binti wa Migori. Linaweza kuwa salamu na linaweza kuwa tusi, inategemea meno yamekaa vipi linapotoka.

Wakaanza. Walimtaja nyanya mmoja aliyepika pombe. Mtoto akala mchanga. Walimtaja babu aliyekuwa na wake wengi.

"Huyo ni mwanamume," mama mkwe akasema, "na huyu ni msichana."

"Wafu hawaangalii sketi," shangazi akamjibu. "Litabadilishwa mwanzo wake liwe la kike. Endelea."

Waliendelea. Waliita kwa sauti ya chini, wakaita kwa sauti ya juu, wakaita wakipiga makofi. Mgongo wa mtoto wangu ulikuwa mgongo tu. Mume wangu aliyekuwa amekaa mlangoni akapata wazo, na mawazo yake yote hutoka kwenye simu. Akaandika kwenye grupu ya familia: tumeni majina ya wafu wenu, mtoto anakataa. Haikuchukua muda. Jumbe za sauti zikaanza kuingia kutoka Nairobi, kutoka Kisumu, kutoka kwa binamu mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya benki akinong'ona. Wakawa wanazicheza moja moja nyuma ya kichwa cha mtoto. Watu wazima watatu wamechuchumaa mchangani, wanamshikia mtoto simu kisogoni, simu inakohoa, inasema jina la marehemu, inanyamaza.

"Huyo uliyemsema si yuko hai?" shangazi akamuuliza mmoja wao kwa simu.

"Kumbe? Nilisikia alikufa."

"Yuko Rongo anauza viatu!"

"Basi mtoe."

Mara mtoto akageuka, akaishika simu kwa mikono miwili. Shangazi akapiga kelele. "Amegeuka! Ni nani huyo? Rudisha!"

"Amegeukia mwanga wa simu," nikasema. "Umeiwasha karibu na jicho lake."

"Wewe una wivu na wafu?"

Mume wangu akachoka. Wanaume wa kwetu huchoka haraka na mambo ambayo hayana kitufe. Akaingia ndani akatoa kile kitambaa changu, akawasha wufa yake apumzishe akili. Wakati huohuo shangazi alikuwa amefika kwa marehemu wa karibu zaidi, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa akipiga muziki matangani, akafa angali kijana. Nafikiri alikuwa amemwacha wa mwisho kwa sababu mama yake yupo hapo. Akalitaja hilo jina polepole. Mtoto wangu akageuka. Akatambaa kwenye mchanga, akapanda kizingiti, akaweka viganja vyote viwili juu ya lile sanduku jeusi, akaweka na shavu, akacheka mpaka mate yakamtoka.

Mama mkwe alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Hakupiga kigelegele. Shangazi ndiye aliyepiga, na majirani wakaitikia bila kujua kwa nini. Mama mkwe alilia tu, mdomo wazi, kama mtu anayepigwa na upepo. Marehemu alikuwa mwanawe wa kwanza. Niliona hayo yote, sikuwa kipofu. Na bado nilifikiri: huyu mama anamlilia mtoto wake kwa masikio ya mtoto wangu.

Siku iliyofuata walikwenda wote kanisani. Nikabaki, nikasema naumwa kichwa, na sikusema uongo.

Mke wa mtu wa wufa huijua wufa. Nilijua kitufe cha besi ni kipi na cha sauti nyembamba ni kipi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiipunguza mwenyewe akienda chooni. Nikamweka mtoto sakafuni na vifuniko vya chupa, mgongo kwa wufa. Nikazima besi kabisa. Nikapandisha sauti nyembamba mpaka mwisho, nikaweka muziki. Ilitoka sauti kama bati linalochanwa. Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mimi mwenyewe niliziba masikio. Mtoto alikuwa anaweka kifuniko juu ya kifuniko. Hakutikisa hata nywele.

Nikazima. Nikashusha sauti nyembamba, nikapandisha besi peke yake, ile inayokuja kupitia sakafu. Akaangusha vifuniko, akageuka akacheka.

Nilirudia. Nilikwenda nyuma yake nikapiga kifuniko cha sufuria karibu na sikio. Nikamwita jina lake. Nikamwita jina la marehemu. Nikamwita, "Mbwa!" Kisha nikakaa naye sakafuni nikamtazama akitengeneza mnara wake, na hasira iliyonipanda siku hiyo sijaishusha mpaka leo. Kelele yote ile ya nyumba ile. Wufa, simu, shangazi, vigelegele. Na mtu mmoja tu alikuwa hasikii, na ndiye pekee ambaye hakuulizwa.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Nikafanya yote tena mbele yake, kitufe kwa kitufe. Alisimama na suti yake ya kanisani. Uso wake uliniambia ameelewa. Mdomo ukasema kingine.

"Mtoto wangu si kiziwi. Anapenda besi. Hata mimi napenda besi."

"Wewe ukiitwa unageuka."

"Umeziharibu settingi zangu."

"Mpeleke hospitali Homa Bay apimwe."

"Apimwe nini? Unamwapiza mtoto? Mama amelala usingizi jana kwa mara ya kwanza tangu kaka azikwe, unataka nikamwambie nini?"

"Mwambie mjukuu wake hasikii."

"Mwambie wewe."

Nikamwambia. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwetu Migori kuna viziwi wangapi, maana kwao hakuna. Akasema hospitali itakuwepo hata baada ya sherehe. Ndiyo, ilishakuwa sherehe. Jogoo alishachaguliwa.

Siku ya jina walitoa wufa uani, ikasimamishwa juu ya meza ya chakula, na chakula kikawekwa chini. Watu walikuja wengi kuliko waliokuja mtoto alipozaliwa. Wenzake wa zamani yule marehemu, wapiga muziki wa matangani, walikuja na miwani myeusi, kila mmoja na simu juu, kila mmoja anapiga vidio. Hiyo nayo ni tabia ninayoichukia. Mtu anakuja kwako, hakusalimii, anakuelekezea simu, anakwenda kukuweka kwenye stetasi na vikopa vya upendo. Mtoto wangu alivalishwa gauni jeupe akawekwa kando ya wufa, na kila besi ilipopiga alicheka, na kila alipocheka walipiga mayowe. "Ero! Ndiye huyo! Mwenyewe amerudi!" Mzee mmoja alimwekea miwani yake myeusi usoni. Mtoto wangu mimi, na miwani ya mlevi.

Mama mkwe akachukua maiki. Alitaka kumwita mbele ya watu, mara ya kwanza rasmi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza na sinia la wali. Niliweka sinia chini. Nikafika kwenye vitufe kabla mume wangu hajaniona, nikatoa besi, nikaacha sauti ya maiki juu kabisa.

"Nani amezima?" mmoja wa wale vijana akauliza.

"Hakuna aliyezima," nikasema. "Maiki inafanya kazi. Mama, mwite mtoto. Mgeuzeni kwanza aangalie ziwa, kama shangazi alivyofundisha. Mwite."

Mama mkwe aliniangalia, na ninaamini wakati ule alijua. Angeweza kuweka maiki chini. Lakini watu wote wale, na simu zote zile. Akaita. Jina la mwanawe likatoka kwenye sanduku, kali kama wembe, kuku wakakimbilia migombani, mtoto wa jirani akaanza kulia. Wangu alikuwa amepata paja la kuku mahali fulani. Alilila.

"Mwite tena."

"Acha," mume wangu akasema.

"Mwite tena, mama. Pengine anamalizia kutafuna."

Akaita tena, sauti imevunjika. Mtoto akaangusha mfupa, akauokota, akaupangusa kwa gauni jeupe. Kijana mmoja akacheka, akajizuia. Simu zikaanza kushuka moja moja. Nilitaka zibaki juu. Nilitaka wapige vidio ya hiyo.

Nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mmekula jogoo wa mtoto asiyesikia. Mnacheza, mnampigia makofi, mnamtaja maiti baada ya maiti, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwangalia sikio. Huyu mnayemwita hakuja. Huyo mliyemzika amezikwa. Huyu ni wangu, na hasikii hata mkipasuka."

Shangazi wa Mfangano ndiye aliyepata la kusema. "Amekasirika," akasema. "Hataki kuitwa na mashine." Nilimtazama, nikaona hasemi utani.

Nikambeba mtoto na gauni lake na mafuta yake ya kuku nikaondoka. Mama mkwe alikuwa bado ameshika maiki, na pumzi yake ilikuwa inatoka kwenye spika, huu, huu, uani kote. Watu wameniambia baadaye kwamba nilikuwa katili. Ndiyo. Upole nilikuwa nimeujaribu.

Homa Bay nilikwenda peke yangu. Hospitalini, dada aliyetupokea alikuwa kijana kama mimi. Nilitarajia mashine kubwa, maana nimeolewa na mtu anayeamini ukubwa. Akatoa kitu cha kutosha kiganjani, chenye kijiplagi laini, akakiweka sikioni mwa mtoto, akasubiri, akatazama. Sikio la pili, hivyo hivyo. Akatuita tena kwa vipimo vingine, mtoto akiwa amelala na nyaya kichwani. Hakuna aliyepiga kelele. Chumba kilikuwa kimya hata nikasikia feni.

"Anasikia kidogo sana," akaniambia. "Mtikisiko anaupata mwilini. Maneno hayamfikii."

"Alizaliwa hivyo?"

"Huenda. Atahitaji mashine za masikio, zote mbili, na mapema. Huu ndio umri wa kukusanya maneno. Ukikawia, mdomo nao unakawia." Kisha akasema, "Umefanya vizuri kumleta. Wengi tunaletewa wakiwa wa kwenda shule. Wewe uligunduaje?"

Nikamweleza habari ya besi. Akaniomba nirudie. Akamwita mwenzake asikie.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo watu hunitaka nimsifu mume wangu. Niliporudi nilimwambia mashine za masikio si za bure, na sikusema neno lingine. Nilikaa kitako nikaitazama wufa, yeye akanitazama nikiitazama. Siku chache baadaye alikuja mtu kutoka Magunga na pikapu. Mume wangu aliifuta ile wufa kwa kitambaa chenye maji, akaifuta kwa kikavu, akamfundisha yule mtu asiiweke karibu na ukuta. Ilipopakiwa alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Nilimsikia. Hakulia nilipomwambia habari ya masikio. Kwa hiyo hapana, simsifu. Alifanya alichotakiwa kufanya, na alilia mahali pasipotakiwa.

Kitambaa cha kroshia kilibaki. Yule mtu wa Magunga hakukitaka.

Mashine zilipokuja zilikuwa ndogo kuliko omena wawili. Zikawekwa, zikawashwa, na mtoto akakunja uso kama ameonja ndimu. Safari nzima ya kurudi alikuwa akiangalia huku na huku, kila kitu kinamkosea adabu. Nyumbani tatizo lilikuwa jingine: alizing'oa. Alizing'oa akazitia mdomoni, akazitia mchangani, moja nikaiokota kwenye karai la samaki. Basi nikakaa ukutani pale pale nilipokishonea kile kitambaa, nikakifumua, maua yote, na kwa uzi uleule nikamshonea mkanda wa kichwa wenye vijifuko viwili vya kushika mashine. Ukamkaa vizuri. Jirani akauliza kama nitamshonea na wake. Nikamwambia wake hana shida ya kusikia, shida yake ni kutukana.

Mama mkwe hakuwa akisema nami tangu ile siku. Alikuwa akipitia nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi moja nilikuwa naosha sufuria, mtoto ameketi mchangani na mkanda wake mweupe, anaangalia ziwa. Mama mkwe akatokea kwenye njia. Hakunisalimia. Akasimama mbali kidogo nyuma ya mtoto, akatazama kile kichwa kidogo. Kisha akaita, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje kula. Akaita jina la mwanawe.

Mtoto akageuka.

"Si nilisema?" Alirusha mikono juu, khanga ikaanguka. "Si nilisema, Nyar Migori? Alikuwa anataka jina lake tu! Mmezunguka mahospitali yote!" Akapiga kigelegele, na mtoto, ambaye hajawahi kukisikia kigelegele maishani, akaachama mdomo akalia kwa nguvu.

Nilikuwa na kifuniko mkononi. Nikakiachia kwenye jiwe. Mtoto akakatisha kilio, akanigeukia mimi.

"Na huyo ni marehemu gani, mama?" nikauliza.

Alikuwa ameshachuchumaa. Akaliita lile jina tena, polepole, na mtoto akageuka. Akasubiri mtoto arudi kwenye mchanga wake, akaita tena. Akageuka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyaweka kwa wiki nyingi, makali yote. Akaita tena. Kila alipoita, mtu alimgeukia.

Nikaokota kifuniko changu nikaendelea kuosha.